Tundu la Mwalimu Twiga

Kobe, kobe wa nchi kavu wala si kasa, alimpeleka mwanawe Kigae shuleni. Kizingiti kilimshinda mtoto, basi mama akaomba kiwekewe udongo, apate kupanda.

"Mama Kigae, hapa hatuna upendeleo," alijibu Mwalimu Twiga toka juu ya paa. "Sheria inasema kila mtoto asomeshwe. Haikusema nimpandishe."

"Atasomeshwaje akiwa nje?"

"Nikianza na wako, kesho Kiboko ataniomba bwawa darasani."

Kigae aliingiza kichwa gambani. Mama alitaka kugeuka, lakini mvua ilianza, akawaona wanafunzi wakisogea kukwepa maji.

"Mwalimu, mbona paa lina tundu?"

"Ni la shingo yangu. Bila hilo nisingeweza kufundisha."

"Na hilo tuliite upendeleo?"

Twiga aliitoa shingo tunduni, akainama, na kwa mara ya kwanza akakitazama kizingiti kwa karibu.

"Kumbe kimeinuka hivi," alisema, akaanza kusogeza udongo kwa kwato zake. "Ingia, Kigae. Ila usikae chini ya tundu langu, utalowa."