Kibao cha Hester Pudney

"Ongeza e mwishoni," Hester Pudney alimwambia fundi Clem aliyekuwa juu ya ngazi. "Na kwenye Shop weka p mbili."

"P mbili, mama?"

"Ndivyo walivyoandika babu zetu. Wewe paka rangi!"

Clem akapaka: Olde Shoppe, yaani Duka la Kale, kwa Kiingereza cha kizamani. Jamani, na chai yenyewe Hester alianza kuiuza juzijuzi tu, kwenye nyumba aliyoachiwa na shangazi yake!

Lakini Hester alikuwa amebanwa. Jumamosi kampuni ya mabasi ya watalii ingemleta mtu kuchagua mahali pamoja tu pa kusimama pale kijijini, penye ukale wa kweli. Asipochaguliwa, anafunga duka. Na ng'ambo ya barabara alikuwepo Ivor Gadd, na mkahawa wake wa viti vya plastiki, akimcheka kutwa.

"Hester! Ukiishiwa herufi niambie, nikuazime!"

"Cheka tu. Jumamosi utalia."

Clem akashuka, akagonga mlango wa mbele. "Na huu je?"

Hester akautazama kwa kinyaa. Mbao nyeusi, zimepinda, zimetobolewa na wadudu. "Tupa huko!" akafoka, barabara nzima ikasikia. "Unaniaibisha. Nitengenezee wa kale."

Clem akaleta mbao mpya za mwaloni. Akazichapa kwa mnyororo, akazibabua kwa moto, akazipaka chai iliyochemka mpaka ikawa nyeusi. Mlango ukapendeza, usipime.

Ule uliotupwa aliuomba Ivor. "Kuku wangu wanapigwa na baridi," alisema. Hester akampa huku akicheka mpaka machozi.

Jumamosi akaja Bibi Thirza Aldous wa kampuni. Akala skonzi mbili zenye jemu na krimu, akakisifu kibao. Akaugusa mlango, akanusa kidole. "Chai nzuri," akasema, akatabasamu. Moyo wa Hester ukatulia.

Kisha bibi akaomba avuke barabara, ili naye Ivor asionewe. Hester akasubiri dirishani. Akasubiri weee, mpaka uvumilivu ukamwisha, akamfuata.

Alimkuta uani kwa Ivor, amepiga magoti kwenye mavi ya kuku na gauni lake zuri, anaupapasa ule mlango mweusi, sasa mlango wa banda.

"Miaka mia nne," bibi alikuwa akinong'ona. "Mia nne! Bwana Gadd, mabasi yatasimama hapa. Lakini umeupata wapi?"

Ivor akainua macho, akamwona Hester.

"Kwa jirani yangu huyu," akasema. "Ulikuwa unamwaibisha."