Hutoki Bila Neno

"Hutoki humu mpaka uniletee neno refu," alisema Mwalimu. Akazungusha ufunguo mlangoni, kisha akauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. "Herufi nane, zote. Usiniletee vineno vya kitoto."

"Ndiyo, Mwalimu," alijibu Mtoro.

Jina hilo la Mtoro alipewa na Mwalimu mwenyewe, ati kwa sababu kila kipindi macho yake yako dirishani. Uongo haukuwa. Leo hasa yalikuwa huko, maana nje ya zile nondo gari la arusi lilikuwa limeshawashwa, na bibi arusi alishatangaza mbele ya watu kwamba bila Mtoro kumshika mkono haingii ukumbini, na wenye kusubiri na wasubiri.

Mwalimu alitoa vipande vya kadibodi kwenye kopo lake la maziwa ya unga, akavipanga mezani. Kila kimoja kilikuwa na herufi moja ya Kiingereza kwa wino mweusi: G, T, N, H, F, S, T, R. Kazi ilikuwa ileile ya kila siku. Mwalimu anafikiria neno, analivuruga, na mwanafunzi analirudisha. Likipatikana, kengele inalia na watu wanakwenda zao. Lisipopatikana, mnakaa.

Mtoro alivuta stuli. Magoti yakagonga uvungu wa meza, kama kawaida. Zamani walikuwa wengi wa kugawana adhabu hii. Wenzake waliondoka mmoja mmoja, kila mtu na udhuru wake: huyu amehamia mbali, yule kichwa kinamuuma akisikia kengele, na wa mwisho hakusumbuka hata kutunga uongo. Mzigo wote ukamwangukia yeye. Kuna siku aliwachukia kwelikweli.

Alizitazama herufi. Akazitazama tena.

Hapakuwa na irabu hata moja. Hakuna A, hakuna E, hakuna chochote cha kulifanya neno litamkike. Aliona mara moja kilichotokea: Mwalimu alikusudia kutoa E, akatoa F. Kosa dogo, la macho tu. Lakini nani amwambie Mwalimu kwamba amekosea? Mwenzake mmoja aliwahi kuthubutu. Kopo lilirushwa ukutani, na siku hiyo kipindi kiliendelea mpaka jua likazama, wala hakuna aliyekula.

"Bado?"

"Bado kidogo, Mwalimu."

"Haraka haraka haina baraka."

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini ngojangoja nayo huumiza matumbo."

Mwalimu akamkazia macho, kisha pembe ya mdomo ikacheza. Methali ilimfurahisha siku zote, hata ikitoka kwa mkorofi. Akasogeza glasi ya maji isimwagike, na kile kisosi chake kilichofunikwa kwa kitambaa. Hakuvigusa kamwe kabla ya kipindi kuisha. Kazi kwanza, ndivyo alivyosema kila siku.

Honi ikalia, ndefu. Mtoro alihisi chumba kimekuwa kidogo kuliko jana. Dirishani haruki mtu, kuna nondo. Kumnyang'anya Mwalimu ufunguo si jambo la mtu aliyelelewa. Kulia alikwishajaribu, Mwalimu humbembeleza vizuri sana, lakini mlango hafungui.

Honi ikalia tena.

"Nani huyo anapiga kelele watu wakiwa masomoni?" Mwalimu akainuka kwa taabu, akajikongoja hadi dirishani kugomba.

Mfukoni Mtoro alikuwa na penseli ya wanja, kitu ambacho mwalimu yeyote angemnyang'anya. Akaitoa, akavuta mstari mmoja chini ya F. Mstari ukapinda. Ikawa E ya mlevi, lakini E. Mwalimu aliporudi kitini, neno lilikuwa limelala mezani: STRENGTH.

Mwalimu akapitisha kidole juu ya kila herufi, taratibu. Kwenye ile ya nne kidole kikasimama. Akakiinua, akakitazama. Kilikuwa cheusi.

Mtoro akaificha penseli chini ya meza.

"Wino wangu," alisema Mwalimu hatimaye, "siku hizi haukauki."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Maana yake?"

"Nguvu, Mwalimu."

"Tunga sentensi."

Sentensi ya kwanza iliyomjia Mtoro ilikuwa ya kweli mno, akaiacha. Akatunga nyingine, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba Mwalimu wetu ana nguvu za kufundisha miaka mingi bado.

Mwalimu akatabasamu mpaka macho yakafumba. Akapiga kengele. Akafunua kisosi, akatia mdomoni kilichokuwemo, akashushia maji yote ya glasi. Ndipo akavua ufunguo shingoni.

"Haya, nenda. Lakini sikiliza." Akashusha sauti. "Ukimwona binti yangu huko njiani, mwambie aje anichukue. Namsubiri tangu asubuhi, na yeye si mtu wa kuchelewa."

"Nitamwambia, Mwalimu."

Mtoro akapokea ufunguo. Akafungua mlango. Bibi arusi alikuwa amesimama kizingitini, gauni lake jeupe amelikusanya mikononi lisiguse vumbi, na nyuma yake jirani wa kushika zamu amebeba kiti.

"Mama," akanong'ona bibi arusi, "Bibi ameshameza dawa?"