Kabla ya Sifuri

Jina la mama yake halikuwamo. Ikupa aliisoma karatasi ya pili kwa sauti, majina thelathini na saba, na Naseeb akayachapa kwenye kompyuta bila kuinua macho.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya wachuma chai wote wa shamba, mia mbili na kumi. Ya pili ilikuja kwenye bahasha ya mnunuzi, maana serikali ilishaliuza shamba. Juu yake hapakuandikwa ni ya nini. Ikupa kazi yake ilikuwa kufagia ofisi. Kusoma majina alipewa kwa sababu macho ya karani yalikuwa mabovu.

"Hii ya pili ni ya nini, kaka?"

"Sijaambiwa. Nimeambiwa nitoe majina yaliyomo kwenye karatasi zote mbili." Naseeb alikuwa kijana wa Bulyaga, kompyuta alisomea Dar. "Mashine nayo haijui. Ni kama mzani wenu wa chai, unapima tu, nani atakunywa si kazi yake."

Nje wanawake walishaanza kumletea karani ndizi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Tangu miaka ya foleni, Lufingo nzima ilijua maana ya orodha: aliyeandikwa alipata sukari, khanga, mbolea. Asiyeandikwa alirudi nyumbani na kikapu kitupu. Alinanuswe, mama yake Ikupa, alikuwa amechuma chai miaka kumi na tisa, na wadogo zake Ikupa watatu walisomeshwa kwa mikono ile.

Siku tatu Ikupa alifagia polepole, akitazama. Naseeb hakuandika kwa maneno ya watu. Aliandika amri fupi fupi za mashine yenyewe: leta, linganisha, ruka. Jina moja la huku lilipimwa na kila jina la kule. Likipata mwenzake, linatoka. Likikosa, inaruka kwenda linalofuata.

"Sasa itajuaje kwamba yameisha?"

"Mwisho wa orodha naweka sifuri. Ikiikuta inasimama. Ukiandika jina baada ya sifuri, hata liwe la mkuu wa wilaya, hailioni." Akacheka. "Unataka kunipokonya kazi, dada?"

Ijumaa, Naseeb alipokwenda msikitini, Ikupa alikaa kwenye kiti chake. Kidole kimoja, herufi moja moja. Akahakikisha mara mbili: jina la mama lilikuwa kwenye orodha ya pili, kabla ya sifuri.

Jumatatu walikusanyika getini kwenye mvua. Meneja alisoma majina thelathini na nane. Liliposomwa la mwisho, lake mwenyewe, Alinanuswe alimshika mwanawe mkono.

"Ndaga, Mungu wangu," alinong'ona. "Ahsante."

Pembeni yao Prisca, jirani yao, ambaye hakusomwa, alijifunika uso kwa kitenge akalia.

Meneja akaikunja karatasi.

"Niliowasoma, rudisheni vikapu, mabuti na makoti ya mvua kabla ya kwenda nyumbani. Wengine, shambani."