Ndevu za Rangi ya Hina

Weris alisikia fimbo ya baba mkwe wake ikigonga kizingiti, akafunika kazi yake kwa mtandio. Alichelewa. Mzee alikuwa ameshaona.

"Nipe hicho."

Ilikuwa doli ya krosheti iliyoshindiliwa pamba, kizee kibeti mwenye kofia ndefu. Mteja wa Nairobi alimtaka mwenye ndevu nyeupe, amweke katikati ya maua yake. Lakini uzi mweupe haukupatikana Garissa nzima, na Weris akafuma ndevu kwa uzi wa rangi ya chungwa bila kuwaza. Sasa ndipo alipoona zinafanana na nini. Ndevu zile zile, zilizokolea hina, zilikuwa zimeinama juu yake.

"Nani huyu?"

"Doli tu, Adeer," Weris alijibu, akimwita ami kwa heshima. "Hata macho sikumtia." Kofia alikuwa ameishusha mpaka puani makusudi, asije akaambiwa anaunda sanamu.

Mzee akashika ndevu za uzi, kisha akashika zake. Kidole chake kikafika kwenye pua, ambayo Weris alikuwa bado anaifuma, kitanzi cha mwisho hakijafungwa. Akauvuta uzi.

Pua ikafumuka taratibu, mstari baada ya mstari, mpaka uso ukabaki mtupu. Weris aliuma ncha ya mtandio, akingoja zamu ya ndevu.

Mzee akamrudishia doli, uzi ukining'inia.

"Ukoo wetu haujawahi kuwa na pua ndogo hivyo," alisema. "Fuma upya."

Kisha akaketi mkekani mbele yake, akageuza uso upande, pua yake ikaonekana yote.