Helmeti Iliyofaulu

Sheria ya soko la ng'ambo ilikuwa moja: helmeti haivuki bahari mpaka aliyeitengeneza aigonge nyundo tatu, ikiwa imevaliwa na mtu wa nyumbani kwake.

“Usinionee huruma, Mama Chausiku,” Shebughe alimwambia mkewe, Zamda. “Ukigonga kidogo tutarudia.”

Zamda akagonga kwa nguvu zake zote. Nyundo ya tatu ilimtoa mumewe damu puani, akaanguka kifudifudi. Helmeti haikupata hata ufa.

“Imefaulu,” mkaguzi akasema, akapiga muhuri.

Zamda alimwinua mumewe, akamfuta damu kwa kanga. Shebughe akamkodolea macho.

“Dada, wewe ni nani?”

Mkaguzi alishafungua ukurasa wa pili. “Bado saizi ya watoto.”

Mlangoni, binti yao alikuwa ameanza kufumua nywele, ili helmeti imwingie vizuri.