Gari la Kaka

"Washa," mteja alimwambia fundi, kisha akaligeuzia gari mgongo na kufumba macho.

Fundi akawasha. Lilikuwa gari la tatu tangu waingie kwenye yadi ya kuuzia magari, na zuri kupita yote: injini haijawahi kufunguliwa, oili safi, tairi bado zina meno. Liliwaka hapohapo likatulia, hata ungedhani limezimwa.

"Silo," mteja alisema bila kugeuka.

"Dada, hili nakuapia halitakusumbua. Si umesema ni la mara moja moja? Basi hata likilala wiki mbili, ukiligusa tu linaamka."

"Silo, fundi."

Fundi alilizima. Katika kazi hii ya kuwasindikiza watu wasiuziwe mbuzi kwenye gunia, alishakutana na wateja wa kila aina: wa kupenda rangi, wa kupiga tairi mateke, wa kufungua boneti na kutikisa kichwa wakati hata betri hawaijui iko wapi. Huyu wa kuchagua gari kwa kuligeuzia mgongo alikuwa mpya.

"Kwani ataliendesha nani?"

"Ni la kaka yangu. Amesafiri." Mteja alitazama chini. "Mama yetu haoni, na sasa amegoma kula. Kila sahani inarudi jikoni kama ilivyokwenda. Anasema atakula mwanawe akija. Kaka alikuwa anakuja Jumapili jioni, na mama akisikia gari tu, anaomba chakula. Amebaki mifupa, fundi. Daktari anasema akiendelea hivi..." Hakumalizia. "Na leo ni Jumapili."

Fundi akaacha utani. Mwenye mama wa hivyo nyumbani anataka gari leo, si kesho.

Nyuma ya magari yaliyong'arishwa kulikuwa na kigari cha buluu iliyopauka. Dalali wa yadi, mwenye mdomo wa kuuza hata kivuli, alikuwa amekipita bila neno. Fundi alikiwasha ili tu asiambiwe amekiruka. Kikakohoa, kikanguruma kwenye bomba la moshi lililotoboka, kikatetemeka mpaka vioo vikacheza.

Mteja aligeuka, mkono mdomoni.

"Hili."

"Hili? Dada, si bora ununue mashine ya kusaga! Basi angalau niache nizibe bomba."

"Ukiligusa hilo bomba, mimi na wewe tutakosana."

Fundi alilikagua shingo upande. Ukiacha kelele, halikuwa gari baya: chesisi nzima, halivuji popote, na linashika kwa mguso wa kwanza. Walipoelewana na dalali, fundi alishika usukani mwenyewe, maana mteja alikuwa na wasiwasi mno kuendesha mwendo wote huo. Njia nzima hawakuzungumza. Kelele zenyewe zisingewaruhusu.

Kwenye kona ya mwisho kabla ya nyumba, mteja alimwambia asimame.

"Nipishe, nitaingia nalo mimi." Hakushuka. "Nilikudanganya, fundi. Kaka harudi. Alifariki, tukamzika wakati mama amelazwa hospitali, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia mama. Gari lake lilikuwa na ngurumo hiihii."

Fundi alimgeukia. "Na akitaka kuongea naye?"

"Kaka alikuwa na shughuli nyingi. Jumapili nyingine alifika mama keshasinzia, na alfajiri anaondoka. Mama anaridhika na ngurumo. Nataka ale tu, fundi. Ale kidogo."

Fundi alitaka kumwambia kwamba hilo jambo litakuja kumtokea puani. Akautazama uso wake, akashuka, akampisha, akazunguka kukaa upande wa pili.

Dada aliingiza gari uani, akalipiga resi ya nguvu, akazima, akabamiza mlango nyumba nzima ikasikia. Kisha akamshika fundi mkono na kumvuta ndani, kama vile peke yake asingeweza.

Kitandani kando ya dirisha, mama mmoja mwembamba alikuwa ameuelekeza uso wake mlangoni.

"Mama, kaka amefika," dada alisema kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. "Amekuja na fundi, gari lilimsumbua njiani. Anaoga. Amesema atakula wewe ukishakula."

Mkono wa mama ulipapasa shuka mpaka ukaupata mkono wa binti yake, ukaushika. Ule wa binti ulikuwa unatetemeka. Aliushikilia hivyo kwa muda.

"Haya, lete chakula," akasema.

Binti alimlisha kwa kijiko. Kila kijiko mama alikimeza kwa taabu, kama mtu anayemeza vidonge, lakini alimeza, na binti akawa anacheka huku machozi yanamtoka. Sahani ilipobaki tupu aliikimbiza jikoni, na huko akasikika akilia kwa kwikwi, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Fundi naye ilibidi atazame dari. Moyoni alimwomba Mungu awasamehe wote wawili kwa kumdanganya mama wa watu.

"Fundi," mama alinong'ona. "Hebu sogea, mwanangu."

Fundi aliinama.

"Mwambie huyo dada yako, ila ujifanye umewaza mwenyewe. Jumapili ijayo asibamize mlango. Marehemu alikuwa anaurudishia polepole, akidhani nimelala."