Hesabu za Nyumba ya Pisini

Asubuhi ya sita fundi alipewa tena dola mia mbili, na Kapinga alizihesabu kwa macho kutoka dirishani mwa chumba chake.

Noti kumi za ishirini. Papa Théophile alizitoa kwenye bahasha, akazipanga juu ya meza ya barazani, akaandika tarehe katika daftari lake, kisha akamsogezea fundi. Fundi alisema asante, akazitia mfukoni. Kando ya pisini, lile bwawa la kuogelea, hapakuwa na tofali hata moja.

Kapinga alikuwa amepanga chumba cha nyuma katika parseli hiyo, kiwanja cha Papa Théophile, tangu mwezi uliopita, maji ya ziwa yalipoingia nyumbani kwake kule chini. Papa Théophile, mstaafu wa bandari, alikataa kupokea pesa ya mwezi wa kwanza. "Muntu aliyefukuzwa na maji, mimi simulipishi," alimwambia. Ndiyo maana alichokiona pale barazani kilimuuma kana kwamba anaibiwa yeye.

Mzee alitaka kujenga nyumba ndogo ubavuni mwa pisini: chumba kimoja, bafu, na kibaraza cha kutazamia ziwa. Alisema ni ya mtoto wake wa kiume aliyekwenda Kolwezi, ili siku atakayorudi na familia yake apate pa kulala. Kila asubuhi alikaa na yule fundi wakapiga hesabu. Mifuko sitini ya simenti. Mabati ishirini na manne. Mchanga wa mto Lukuga, magari matatu. Na kila asubuhi walianza upya, kwenye msingi, kama watu ambao jana hawakuonana.

Marehemu mume wa Kapinga alikuwa mwashi. Kapinga aliyajua mambo ya ujenzi. Fundi huyu hakuja hata na kamba ya kupimia, na viganja vyake vilikuwa laini kama vya mtu wa biro, wa kukaa ofisini. Mzee alipotaja simenti kwa dola nane mfuko, bei ya zamani ambayo Kalemie haikuwa imeisikia kwa miaka mingi, fundi aliitika tu.

"Ndiyo, Papa. Nane."

Alikubali kila kitu. Mtu ambaye hana nia ya kujenga, Kapinga aliwaza, abishanie bei kwa nini?

Alimfuata Mama Hortense, mke wa mzee, jikoni, akamkuta anachambua ndagala, visamaki vya ziwani.

"Mama, yule fundi anamukula Papa pesa zake."

Mama Hortense hakuinua uso. "Acha tu."

"Zimefika dola elfu moja na mia mbili. Nimehesabu."

"Acha, mama. Papa akiisha kupiga hesabu zake, siku hiyo anakula chakula."

Kapinga alitoka bila kuelewa. Lakini alipofika uani alijificha nyuma ya tangi la maji, kwa sababu fundi alikuwa bado langoni, na muda si muda Mama Hortense naye akaenda huko. Fundi akatoa zile noti, zote, akampa. Mama akazikunja, akazifunga kwenye pindo la kitenge chake. Wakashikana mikono, wakasimama hivyo muda mrefu, zaidi ya watu wanaoagana kwa kazi.

Kumbe ni wao wawili.

Miaka arobaini ya ndoa, na mama anashirikiana na mgeni kumkamua mumewe mzee. Kapinga akimwambia mzee, huenda atafukuzwa, na hana tena pa kwenda. Akinyamaza, atakuwa anakula chumvi ya mzee huku akitazama anavyoibiwa.

Asubuhi ya saba alivaa kitambaa chake cha kanisani, akaenda moja kwa moja barazani. Bahasha ilikuwa tayari mezani, na fundi ameketi mbele ya mzee.

"Papa, nisamehe. Huyu si fundi. Pesa unazomupa, anazipeleka kwa Mama langoni. Nimeona kwa macho yangu."

Papa Théophile alimtazama fundi.

"Hortense," aliita.

Mama Hortense alitoka jikoni, mikono imelowa. Aliwaona watatu wale, akaelewa. "Papa, tafadhali," alisema. "Utulie kwanza."

"Ni kweli?"

Mama Hortense alifuta mikono kwenye kitenge.

Mzee alisimama. Kapinga hakuwahi kumwona amesimama wima namna ile. "Nilikamata wezi kule bandarini miaka thelathini na moja," alimwambia fundi. "Wakubwa kukupita wewe. Unaniona nimezeeka, njo maana unanichezea mbele ya bibi yangu Hortense. Mutoto wangu Jérémie angekuwa hapa, usingethubutu kukanyaga parseli hii."

"Ndiyo, Papa."

"Nakwenda polisi. Nipe jina lako, niandike."

Fundi alimgeukia Mama Hortense. Midomo ilikuwa inamcheza, na Kapinga alifurahi kuona hatimaye ameingiwa na hofu.

"Mwambie," Mama Hortense alisema, kwa sauti ya chini. "Mwambie tena."

"Jérémie," alisema fundi.

"Jina la baba yako?"

"Théophile. Alikuwa mutu wa bandari."

Papa Théophile aliandika yote, herufi kwa herufi, kama majina ya mtu asiyemjua, akafunga daftari. Kisha akamshika Kapinga mkono kwa mikono yake miwili.

"Aksanti, mama," alisema. "Mutoto wangu akirudi, nitamwambia namna ulivyotulinda."